Barua kwa mwanangu: picha ya pili ya mkono usiiruke

Mwanangu, salamu toka Masasi. Mama yako mzima, bibi nae goti bado linamsumbua ila anatembea. Juzi ulivyonipigia ukasema wiki ijayo unaanza kupiga picha za eksirei za mikono na mabega mwenyewe hapo Lindi nilikuwa chumba cha eksirei na watu wamejaa benchi zima, sikukueleza vizuri, kwahiyo nakuandikia, soma ukishatulia.

Huku kusini mikono utaipata mingi sana mama. Bodaboda wanaanguka, watoto wanapanda miembe na mikorosho, wakwezi wanadondoka minazini. Na wote wanakuja hivohivo, mkono mbaya umeshikwa na mkono mzima, umekunjwa kifuani, hataki hata uuguse. Picha ya kwanza utaipata tu, shida ni ya pili. Ya pili ndo inauma maana inabidi mkono ugeuke, mgonjwa akipiga kelele mara moja wengine wanaachia hapohapo, anarudishwa kwa daktari na picha moja. Usije ukawa mtu wa hivo. Mfupa ukiupiga kwa mbele tu unaweza kuuona umenyooka kabisa, ukija kuupiga kwa ubavu unakuta kipande kimeshaenda nyuma. Ndo maana zinapigwa mbili zinazopishana nyuzi 90, na kama ni mfupa mrefu basi jointi ya juu yake na ya chini yake zote zionekane.

Mkono ukigoma kugeuka, geuza mashine. Hilo ndo nataka ulishike kuliko yote. Mkono umeshakaa pale alipouweka yeye bila maumivu, sponji chini, sasa we simamisha kaseti, lile bapa linalopokea picha, pembeni yake, laza taa ya mashine inayotoa mionzi ije kwa ubavu, piga. Mgonjwa hajasogea hata kidogo na picha umeipata. Inachukua dakika chache zaidi, foleni itanung'unika, waache wanung'unike.

Watoto ndo uwe nao makini zaidi. Mtoto wa miaka mitano sita saba kaanguka toka kwenye mwembe, kiwiko kimevimba, hapo mara nyingi pamevunjika juu kidogo ya kiwiko, na mshipa mkubwa wa damu unaoshuka mkononi unapita hapohapo mbele. Usikinyooshe hicho kiwiko kwa nguvu hata daktari akiwa ameandika nini kwenye fomu. Kabla hujapiga mtazame vidole, viguse, kama ni vya baridi au vimepauka acha kila kitu mwite daktari kwanza. Kama viko sawa na mkono haunyooki, ile ya mbele ipige mara mbili, moja mkono wa juu ndo umelala kwenye kaseti, nyingine mkono wa chini ndo umelala. Ya ubavu kiwiko kikae nyuzi 90 na bega, kiwiko na kifundo vyote viwe usawa mmoja, bega likiwa juu ya meza picha inakuja imepinda na daktari hawezi kuyaona yale mafuta ya nyuma ya kiwiko. Mafuta hayo kwa kawaida huwa hayaonekani, yakionekana nyuma ujue ndani kuna damu, hata kama ufa wenyewe huuoni. Na kama lazima mtoto ashikwe, ashike mzazi amevaa aproni ya risasi, kama ni mama muulize kwanza kama ana ujauzito, muulize kwa heshima na kwa sauti ya chini. We mwenyewe usishike, utashika wangapi mpaka ustaafu? Na kile kibeji chako cha kupimia mionzi kivae kila siku, TAEC, wale wa Tume ya Nguvu za Atomiki kule Arusha, wanakisoma kujua umekula mionzi kiasi gani, kikibaki kwenye droo hakina maana.

Kifundo cha mkono nguvu ya mionzi weka kV 55 hadi 60 inatosha, sina mengi hapo, ila dereva wa bodaboda aliyeangukia kiganja na anaumia ukimbonyeza pale kwenye kishimo chini ya kidole gumba, huyo mwongezee picha za skafoidi, kale kamfupa kadogo ka kifundo upande wa gumba, kiganja kimeegeshwa upande wa kidole cha mwisho. Zikitoka safi daktari atamfunga na kumrudisha baada ya siku 10 hadi 14, na akirudi usimuone msumbufu. Kale kamfupa damu inakaingia kwa upande mmoja zaidi, kakivunjika kakaachwa kipande cha upande mwingine kinaweza kufa.

Sasa bega. Bega likichomoka mara nyingi linakuja mbele, hilo hata ndugu wa mgonjwa ataliona. Linalodanganya ni la kwenda nyuma, na huyo atakuja aliyepigwa na shoti ya umeme au aliyeanguka kifafa. Kwenye picha ya mbele kichwa cha mfupa kinaonekana kimekaa kwenye nafasi yake ila kimekuwa duara kama glopu, mtu mwenye haraka anasema iko sawa, mgonjwa anarudi nyumbani na bega limechomoka. Yule hawezi kunyanyua mkono kwahiyo ile picha ya kwapa usimlazimishe, mpige Y, ile ambayo mfupa bapa wa mgongoni unatokea kama herufi Y. Muache na mkono wake kwenye kombeo vilevile, asimame kifua kiangalie kaseti, bega bovu liguse, mwili umzungushe nyuzi kama 45 hadi 60 mpaka ule mfupa bapa wa mgongoni ukae kwa ubavu. Kichwa kikiwa katikati ya Y hakijachomoka, kikielekea mbavuni kimeenda mbele, kikienda upande wa pili ni nyuma. Ushike mfupa bapa kwa vidole vyako mwenyewe kabla ya kupiga, ukipapasa utajua kama umekaa, usikisie kwa macho. Ila mwambie kwanza kabla hujamgusa, na kama ni mama mtu mzima awepo nesi wa kike.

Na alama za L na R, za kushoto na kulia, weka palepale wakati wa kupiga, usisubiri kuandika kwenye kompyuta baadae.

Mjomba wako atapita Mnazi Mmoja ya huko Lindi Jumapili, nimempa ming'oko na kilo mbili za korosho, mpigie mapema asikupite. Afu niambie hiyo mashine yenu taa yake inalala mpaka usawa wa meza au imekwama? Kama imekwama nipigie jioni nikuelekeze namna ya kumkalisha mgonjwa ili uipate ya ubavu hivohivo.

Baba yako