Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Viwango la Uganda: Piko izuiwe mpakani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Busia, mpakani na Kenya. Mimi ni mchoraji hina. Kazi hii niliirithi kwa shangazi yangu, na ndiyo inayolipa karo ya wanangu.

Mkesha wa Idi iliyopita nilimchora binti wa jirani, mtoto wa miaka 9, ua moja juu ya mkono wa kulia. Foleni ilikuwa ndefu na hina inataka muda, nikatumia piko, ule unga wa rangi nyeusi unaoshika haraka. Siku ya tatu mama yake akamleta. Mkono ulikuwa umevimba, malengelenge yamefuata ua lile jani kwa jani, hadi kwenye kikonyo. Mimi ndiye niliyemchora. Kovu naliona kila anapopita kwenda shule.

Pakiti ninayo hadi leo. Niliinunua dukani kwa shilingi 3,000. Mbele kuna picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu nyeusi, nyuma maandishi nisiyoweza kuyasoma. Kwa lugha ninayoisoma, haina orodha ya viambato, wala jina la aliyeiingiza nchini, wala onyo.

Daktari aliyemtibu mtoto ndiye aliyenitajia kemikali inayotiwa kwenye piko: parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Ni dawa ya kutia nywele weusi, si ya ngozi. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote, kwa hiyo binti huyu akija kuwa mtu mzima, hata kupaka nywele rangi kutakuwa hatari kwake. Hina ya majani haitoi weusi ule. Rangi yake ni ya chungwa inayokolea kuwa kahawia, na ukilala nayo usiku kucha ndipo inashika vizuri. Piko haikuchukua hata saa moja.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1933 huko Marekani, rangi ya kope yenye PPD hiyohiyo iliwapofusha wanawake, na kisa hicho kikachangia kuzaliwa kwa sheria yao ya vipodozi ya 1938. Leo kwao rangi ya kipodozi huidhinishwa kwanza, tena kwa matumizi maalumu. Wanja wa manga, ambao mara nyingi huwa na madini ya risasi, haumo katika orodha yao. Hina imeruhusiwa kwa nywele tu. Dawa za nywele za jamii ya PPD hupita bila idhini hiyo, lakini kwa sharti la onyo kwenye pakiti. Na kampuni ikishaingia kwenye orodha ya tahadhari, mzigo wake unaweza kuzuiwa bandarini bila kufunguliwa, mpaka mwenyewe alete ushahidi kwamba mali ni halali.

Siombi tukatazwe kupaka hina mikononi, hiyo ni ada ya harusi na Idi zetu. Naomba anayeingiza mali ndiye abebe jukumu la kuthibitisha, si mtoto na ngozi yake.

Kanuni tunazo. Sehemu ya 3 ya kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 377, inaorodhesha rangi zinazoruhusiwa katika vipodozi. Mna pia utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka kabla hazijasafirishwa. Lakini pakiti kama yangu haisafiri na kontena lenye cheti. Hapa Busia nimeziona zikivuka ndani ya begi, zimechanganywa na lipstiki na mafuta ya nywele, juu ya bodaboda.

Basi pakiti yoyote ya rangi isiyo na viambato wala jina la mwingizaji ishikwe palepale mpakani. Maabara huchukua siku, kusoma pakiti ni dakika moja. Na zile za nywele zenye PPD ziandikwe kwa Kiswahili na Kiluganda, kwa herufi kubwa: KWA NYWELE TU, USIPAKE NGOZINI. Ningeyaona maneno hayo siku ile, nisingekoroga unga ule.

Pakiti nimeiweka kwenye bahasha. Afisa wako akifika Busia, nitamkabidhi mkononi.

Wako,
Mchoraji hina, Busia