"Kaka mna baruti?" Hapana, ila kaa kidogo tuongee

Swali hili nimeulizwa mara nyingi sana mwaka huu mpaka nimeona bora niliandike niwe nalituma tu wasap. Mtu anaingia dukani, mwenye leseni yake safi kabisa, ana bastola ya milimita 9, kashinda usiku kucha yutyubu anaangalia Wamarekani wanajaza risasi wenyewe kwenye gereji za nyumbani, mwingine ana shemeji yake Texas ndo kamtumia klipu, basi anakuja na hesabu zake kabisa kwamba paundi moja ya baruti ni greini 7,000 (greini ni kipimo kidogo sana cha uzito), risasi moja ya shabaha tuseme inakula greini 4, kwa hiyo mkebe mmoja unatoa risasi kama 1,750, "sasa kaka kwa nini ninunue boksi la risasi za kiwandani?"

Hesabu iko sawa. Tatizo liko kwingine. Kwanza kwetu Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 ipo, na leseni yako ya kumiliki bastola siyo leseni ya kiwanda. Kwa hiyo baruti ya kujazia sisi hatuuzi, hata ukija na barua ya mjumbe.

Halafu neno lenyewe hili linatuchanganya. Huku Kanda ya Ziwa ukisema baruti, mtu wa Geita anawaza ya kupasulia mwamba, mzee kutoka Magu anawaza ile nyeusi ya gobole, na mwenye bastola anawaza iliyomo kwenye risasi. Ni vitu vitatu ambavyo havina hata undugu wa mbali wa kuazimana. Ya mgodini inalipuka, yaani inapasuka yote kwa mpigo, ukiiweka kwenye silaha hiyo siyo silaha tena ni bomu umelishika mkononi. Ya bastola hailipuki hivyo, inaungua, haraka sana lakini inaungua, gesi inajaa nyuma ya kichwa cha risasi na kukisukuma mtutuni. Na ile nyeusi ya gobole ndiyo ya zamani, moshi kama wa kukausha samaki, masizi kila mahali. Baruti isiyo na moshi ilikuja mwaka 1884, Mfaransa anaitwa Paul Vieille ndo aliitengeneza, na ina nguvu kuliko nyeusi kwa uzito uleule, ndo maana mtu akichukua baruti ya risasi akaipima kwenye gobole kwa kijiko kilekile cha babu, mtutu unapasuka. Usijaribu, na ukimsikia jirani anaongelea hicho kitu mwambie.

Sasa tuje kwenye utamu, maana mimi mwenyewe napenda haya mambo, na ukiyaelewa hata boksi utalichagua vizuri zaidi.

Watu wengi wanadhani baruti nzuri ni ile kali. Kwa shabaha ni kinyume. Duara la kumi, lile la katikati kabisa, kwenye shabaha ya mita 25 lina upana wa milimita 50 tu, dogo kuliko kisosi, karatasi haitaki kuuawa, inataka risasi ya kwanza na ya hamsini zitoke kwa mwendo uleule. Ukitaka kuelewa waza jiko. Nyasi kavu zinawaka fwaa zimeisha, mkaa unashika taratibu na kudumu, kuni ziko katikati. Baruti nazo ziko hivyo, kuna za haraka na za polepole, na mtutu wa bastola ni mfupi, kwa hiyo ukiweka ya polepole mno kichwa kinatoka wakati baruti bado inaungua, unapata mwali mkubwa mdomoni, kelele, na punje ambazo hazikuungua zinakurudia usoni. Hizo za polepole ni za magnamu, yaani risasi zenye nguvu zaidi, za mtu anayetaka mwendo mkubwa. Wa shabaha anachukua ya haraka, inatosha kidogo tu, mkono haurushwi sana, mkebe unadumu.

Ndiyo maana kuna baruti inaitwa Bullseye imekuwepo tangu 1898 na mpaka leo wapiga shabaha wanaitumia. Wapo wanaoapa kwa N320 ya Vihtavuori, ya Finland, kwa sababu ni safi, bastola haichafuki haraka. Wapo wa Titegroup. Ukiwakutanisha wote meza moja hapatakalika, ni kama kubishana sato na sangara.

Lakini hiyo ya haraka ina mtego, na klipu nyingi zinapita hapo mbiombio. Kwa sababu inatumika kidogo, haijazi ganda, kile kikopo cha risasi kinachobeba baruti. Ganda linabaki na nafasi kubwa, na ukisahau ukamimina mara mbili haimwagiki, huoni kitu, unaweka kichwa unabana umemaliza. Siku ukiipiga hiyo unashika vipande. Ndo maana wajazaji wazoefu huko wanakoruhusiwa wengi wanapenda baruti yenye mwili, inayojaa, ukikosea inafurika unaiona kwa macho. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa namba moja hata kabla ya usafi na bei.

Na kinyume chake ni kusahau kabisa. Fataki, kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa kikaingia mtutuni kikakwama humo, unasikia "puf" badala ya "pa", ukivuta ya pili ikakikuta cha kwanza mtutu umekwisha. Hii inatokea hata kwa risasi ya kiwandani, mara chache lakini inatokea, kwa hiyo ukisikia mlio wa ajabu SIMAMA, elekeza silaha upande salama, toa magazini, hakikisha chemba iko tupu, kisha angalia mtutu. Usione aibu kwa sababu foleni ya watu iko nyuma yako.

Kingine, ganda lisilojaa, baruti inacheza humo ndani. Ukiinamisha bastola kabla ya kulenga inakaa mbele, ukiinyanyua inakaa nyuma kwenye fataki, na mwendo unabadilika. Baruti nyingine zinajali sana hilo, nyingine hazijali.

Haya, wewe wa Nyegezi usiyeruhusiwa kujaza inakusaidia nini? Kwenye boksi hawaandiki jina la baruti, usilitafute. Wanaandika uzito wa kichwa, kwa milimita 9 mara nyingi ni greini 115, 124 au 147. Ile 147 kwa kawaida inatoka chini ya mwendo wa sauti, inasukuma mkono pole pole badala ya kuupiga, wengi wanapigia shabaha vizuri nayo, ila kuna bastola haziipendi, kila mtutu na tabia zake. 115 ndo rahisi kupatikana. Angalia pia namba ya loti, yaani ya mkupuo mmoja wa kiwandani, ukipata loti inayokaa vizuri kwenye bastola yako nunua za kutosha kwa kadiri leseni inavyokuruhusu, kwa sababu kiwanda kikibadili baruti hakikupigii simu, utaona tu matundu yamehama karatasini ukaanza kulaumu macho.

Na usiache risasi kwenye dashibodi ya gari. Jua la saa saba pale Kirumba unalijua, joto linaharibu baruti kidogo kidogo na baruti ikiwa ya moto presha inapanda. Unyevu wa ziwa nao, mtu anakaa Capri Point nyumba inatazama maji, risasi kaziacha wazi kwenye droo tangu masika, maganda yamepata kutu ya kijani. Hizo usipige, zirudishe. Weka kwenye boksi lake, sehemu kavu, imefungwa, mbali na watoto.

Tunachofanya sisi ni hiki: unakuja na bastola na leseni, bastola ikiwa tupu na magazini imetolewa, tunasafisha mtutu, tunaangalia springi, halafu unachukua boksi dogo dogo za uzito tofauti, unaenda nazo uwanja wa shabaha uliosajiliwa, unapiga tano tano kwa kuegemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga, karatasi moja kwa kila aina, andika juu yake kwa kalamu. Niletee hizo karatasi. Usinitumie picha wasap, matundu hayapimiki kwenye picha, nataka niweke rula.