Namba B siyo ugonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji maana hii mada imenikaa kooni. Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa majuzi kwamba hivi vigari vya cc 1000, Vitz, Passo na ndugu zao, ni vya kutembelea miaka mitatu tu halafu umsukumie mwingine kabla hakijakufia mkononi, na akaongeza kwamba ukiona mtu mpaka leo anaendesha Vitz namba B ujue huyo hana hela ya kununua nyingine. Sasa mimi ninayo hiyo Vitz, imetengenezwa 2001, imeingia nchini 2010, namba B kweli, na kila siku ya kazi inatoka Tabata kwenda Posta na kurudi na foleni zote mnazozijua, na hela ya nyingine siyo kwamba sina kabisa ila sioni kwanini niitoe.

Tuanze na hilo la namba maana ndo linaniudhi kuliko yote. Hapa mjini mtu akitaka kununua gari kwa mtu swali la kwanza ni "namba gani?" Ukimwambia D anatabasamu, ukimwambia E anauliza bei kwa heshima, ukimwambia B anakata simu. Jamani ile herufi ya kwanza kwenye pleti namba inaonyesha gari ilisajiliwa lini Tanzania basi, haisemi ilitengenezwa lini, haisemi imetembea kilomita ngapi wala haisemi oili ilikuwa inamwagwa au inaongezewa tu juu kwa juu. Unaweza kukuta Vitz namba E ambayo ni ya 2003, yaani imezaliwa miaka miwili tu baada ya yangu, imekaa huko ilikokaa, dashibodi imerudishwa nyuma isome kilomita elfu themanini, watu wanaigombania. Na ya kwangu yenye daftari la sevisi tangu siku ya kwanza wanaiita mkweche.

Halafu watu wanasahau hizi gari zilitoka wapi. Vitz ya kwanza ilitoka 1999, Ulaya ikauzwa kwa jina la Yaris na mwaka 2000 ikachukua tuzo ya gari bora ya mwaka huko huko Ulaya, kwa hiyo siyo kwamba Wajapani walitengeneza kitu cha ovyo ili watuletee sisi. Na sababu kubwa ya gari kufika hapa ikiwa bado kali wakati ina miaka minane au tisa ni kwamba Japani kuna ukaguzi wa lazima, gari mpya inakaguliwa ikifika miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, na ule ukaguzi unauma mfukoni, ndo maana wengi wanaona bora wauze. Ikishuka pale bandarini na kusajiliwa hakuna tena mtu wa kuilazimisha ikaguliwe kwa kina namna ile. Inabaki wewe, dhamiri yako na fundi wako.

Na hapo kwa fundi ndo penyewe. Mimi naamini hivi vigari havifi kwa uzee, vinakufa kwa vitu vya bei rahisi ambavyo mtu kavipuuza, na vingine vinauliwa kabisa gereji mchana kweupe.

Nitatoa mfano mmoja. Kuna mama jirani yetu ana Passo, ikawa inachemsha kila akikaa foleni ya Buguruni. Kaipeleka gereji moja hapo mtaani akaambiwa injini imeshachoka, atafute nyingine ya kutoka Japani, na bei akatajiwa hapo hapo. Akanipigia simu, nikaenda. Nikamwambia fundi, "kaka, kabla hatujafika kwenye injini hebu tufungue mfuniko wa rejeta." Gari ilikuwa imeshapoa. Akafungua, akalegeza bomba la chini, yakatoka maji meusi mekundu kama chai ya rangi iliyokaa jikoni tangu asubuhi, na kutu imo ndani unaigusa kwa kidole inasagika. Nikauliza kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, iko wapi. "Aah bosi, hizi gari za Bongo maji tu yanatosha." Nikauliza themostati iko wapi, akasema ilitolewa zamani, "si joto lenyewe hili la Dar bosi wangu." Feni nayo ilikuwa imeungwa dairekti, ukiwasha swichi tu inazunguka, mpaka mota yake ikachoka ikawa inazunguka kivivu, sasa ukikaa kwenye foleni upepo wa barabarani hamna, feni haivuti, rejeta imeziba kutu, kwanini isichemshe?

Wala halikuwa tatizo la injini. Ilibadilishwa rejeta, ikarudishwa themostati, ikawekwa feni nzima na waya zake zikarudishwa kwenye njia yake ili kompyuta ya gari ndo iamue iwake saa ngapi, ikatiwa kulanti nyekundu. Hela ilitoka ndiyo, ila hata robo ya ile ya injini haikufika. Na angechelewa kidogo ingekuwa mambo mengine, maana silinda hedi ya hizi injini ni alminiamu, ikichemka mara mbili tatu inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, hapo sasa hata mimi ningemwambia mama pole.

Hii ya kutoa themostati nataka niiseme zaidi kwa sababu karibu kila gereji ya chini ya mwembe wanaifanya na wateja tunashukuru. Kile kidude hakipo kwa ajili ya baridi ya Japani, kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo hapo. Ukikitoa, ukiwa barabara ya wazi tuseme unaenda Chalinze, injini inakuwa baridi muda wote, sensa inaiambia kompyuta bado hatujapata moto ongeza mafuta, kompyuta inaongeza. Halafu mtu analalamika "hii Passo mbona inakula mafuta kama Prado", na analalamika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei, wakati nusu ya kilio chake iko kwenye boksi la taka la gereji. Tuliopitia Agosti 2022 petroli ilivyovuka 3,400 kwa lita Dar hatuna hamu ya kuchezea wese.

Oili. Injini ya Vitz yangu inaingia oili lita tatu hivi, ni kidogo sana, maana yake hiyo hiyo kidogo ndo inabeba kazi yote, ikipungua lita moja tu umeshapoteza karibu theluthi nzima na hakuna taa itakayokwambia mapema, taa ya oili ikiwaka wewe hapo umeshachelewa. Kwa hiyo stiki ya oili ichomolewe, ifutwe, irudishwe, isomwe, gari ikiwa sehemu tambarare na imezimwa, asubuhi kabla hujaondoka, hata dakika mbili haimalizi. Na usikubali ile oili nzito ya 20W-50 ya kupimiwa kwenye pipa kwa sababu tu fundi kasema "gari ya zamani inataka oili nzito", hizi injini zina VVT-i, yaani mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka kwa kutumia presha ya oili, oili inapita kwenye vinjia vyembamba sana na vichujio vidogo, zilitengenezewa oili nyepesi, 5W-30 au jirani zake. Cheni nayo inategemea oili hiyo hiyo. Watu wanajisifu "yangu ni ya cheni haibadilishwi kama mkanda", sawa, haibadilishwi kwa kilomita, lakini ukiishi na oili chafu inalegea na asubuhi ukiwasha unaisikia inavyolia, na ikifika huko utaimba.

Gia boksi nitasema neno moja tu, kuna Vitz za automatiki ya kawaida na kuna za CVT, yaani automatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua hatua, hasa hizi zilizoanza 2005 za cc 1300, na haidroliki zake, yaani oili za gia boksi, ni tofauti kabisa, ukimwachia fundi atie ATF, ile ya automatiki ya kawaida, kwenye CVT kwa sababu "haidroliki ni haidroliki" umeinunulia sanda. Soma kitabu cha gari, soma maandishi ya kwenye stiki yake, muulize mtu anayejua, chochote, ila usibahatishe.

Na wenye Passo na Vitz za pistoni tatu msibadilishiwe injini mauntini, zile raba zinazoshikilia injini, kila mwaka. Ile gari kutetemeka kidogo ukiwa umesimama kwenye taa na gia iko D ndo asili yake, pistoni tatu hazitulii kama nne. Ikitetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza sawa ikaangaliwe, lakini kwanza waangalie plagi, koili na uchafu kwenye troto bodi.

Tairi sasa. Hapa mjini tunauziwa tairi za mtumba zinang'aa kweli, wamezipaka dawa, kashata (meno ya tairi) bado ndefu, unaona umeokota. Piga magoti, mhariri, tafuta ubavuni mwa tairi penye neno DOT, mwisho wa ule mstari kuna tarakimu nne zimezungushiwa kidude cha yai. Ukikuta 2314 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Wakati mwingine tarakimu ziko upande wa ndani, mwambie aigeuze, akikataa kuigeuza jibu umeshapata. Raba inazeeka hata ikiwa imelala stoo, inakauka, inapasuka mipasuko midogo midogo ubavuni, na ukiwa spidi mia kwenye barabara ya Morogoro jua la saa nane hicho siyo kitu cha kutania. Na upepo ujazwe kwa ile karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, siyo kwa macho ya kijana wa pancha.

Jambo lingine ni hili la kuinua gari. Najua kwanini watu wanaweka spesa, vile vipande vya kunyanyulia shokapu, barabara zetu za ndani huku Tabata na Kinyerezi mvua ikinyesha mara moja tu ni mashimo, na Vitz iko chini inakwangua. Lakini ukiinyanyua kupita kiasi zile drive shafti za mbele, zinazozungusha tairi, zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, raba zake zinachanika, grisi inatoka mchanga unaingia, na baada ya muda ukikata kona unasikia ka-ka-ka. Raba yenyewe ni bei ndogo, ukiiwahi. Mimi sikuinua, nabadilisha bushi na stabilaiza linki zikichoka, na kwenye tuta napita kama nimebeba mayai, wenye haraka wapige honi wanavyotaka. Na mvua kubwa zikinyesha Jangwani nageuza, nalala hata kwa shemeji Magomeni. Injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa haiulizi namba B wala E, maji hayabanwi kama hewa, konrodi, vyuma vinavyoshika pistoni, zinapinda na mchezo umeisha.

Msomaji mwenzetu atasema kwa gharama zote hizo si bora ninunue nyingine. Haya aingie kwenye kikokotoo cha TRA aweke Vitz yoyote ya zamani aone. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na gari ikizidi miaka 10 kuna ushuru wa ziada wa uchakavu 30%, na vyote vinapigwa kwa thamani ya mfumo wao siyo ile bei uliyopatana na Mjapani. Kwangu mimi hela ya kodi peke yake inaihudumia hii niliyonayo miaka mingi, oili, tairi, bushi, breki, na bima ndogo ya 118,000 juu, na chenji inabaki ya ada ya mtoto. Kenya wenzetu gari ikizidi miaka minane haiingii kabisa, sisi tumeachiwa mlango wazi ila mlangoni tunalipishwa, kwa hiyo aliyekwisha ingiza ya kwake kwanini aitupe?

Sisemi gari isiuzwe kamwe. Bodi ikiliwa na kutu mpaka sehemu zinazobeba shokapu, hapo achana nayo, siyo salama. Na kwa sisi tunaopaki karibu na bahari hiyo kutu ipo kweli, ioshwe na chini pia, siyo bodi tu ing'ae Jumapili.

Ombi langu kwenu gazeti ni dogo. Ukurasa wenu wa magari kila wiki ni Land Cruiser mpya na Range Rover ambazo wasomaji wenu wengi tunaziona zikitupita tu. Wekeni hata nusu safu kwa ajili ya hizi cc 1000 zilizojaa mjini, mtu aelezwe tarakimu za tairi, aelezwe kulanti, aelezwe spea feki za plagi zinavyofanana na za kweli. Na gereji zianze kutuandikia, hata kwenye karatasi ya daftari, tarehe, kilomita, umeweka nini cha aina gani, sahihi yako. Mafundi wazuri tunao tena wengi, wa kwangu anaandika, na siku nikiuza hii gari nitamkabidhi mnunuzi lile daftari pamoja na ufunguo, akitaka kuuliza namba atakuwa ameshaiona kwenye bampa.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam