Kabla ya kuamua nani afanyie kazi nyumbani, itazamwe kazi yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie mjadala ambao haujapoa tangu janga la Uviko-19 lilipowatawanya makarani, wahasibu na maofisa wa kila aina majumbani mwao mwaka 2020: je, kazi tulizozoea kuziita za ofisini zinafaa kufanyiwa nyumbani? Nimefuatilia hoja za pande zote mbili, na kinachonisikitisha ni kwamba nyingi kati ya hizo haziigusi kazi. Wanaopinga huzungumzia nidhamu, wanaounga mkono huzungumzia uhuru, na kazi yenyewe, ile inayomfanya mtu alipwe mwisho wa mwezi, huachwa pembeni kana kwamba kila mwenye meza na kiti hufanya jambo lilelile.

Nimetumikia kwa miaka mingi katika idara ya uhasibu na baadaye nikasimamia masijala, yaani sehemu inayopokea barua na kutunza majalada ya ofisi. Msimamo wangu ni kwamba hakuna ofisi inayofaa kuhamia nyumbani yote, wala hakuna ofisi ambayo haina hata shughuli moja ya kufanyiwa huko. Kinachopaswa kupimwa ni shughuli mojamoja pamoja na mtu anayeifanya, na mwajiri asiyekubali kukaa chini akazichambua shughuli za watu wake ataamua kwa hofu au kwa kufuata mkumbo.

Nianze na uhasibu. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kuandaa urari (orodha ya kuhakiki kwamba pande mbili za hesabu zinalingana), kusaka tofauti ndogo iliyojificha ndani ya mamia ya miamala: hizi ni kazi za utulivu, na kila aliyewahi kuzifanya anajua jinsi simu zinazoita na wageni wanaopita wakisalimia zinavyomrudisha mtu mwanzo wa safu aliyokwisha kuijumlisha. Mhasibu mzoefu akipewa siku mbili nyumbani kila mwisho wa mwezi, hesabu zitafungwa mapema zaidi. Lakini mhasibu huyohuyo akiletewa hati ya malipo yenye ankara iliyofutwafutwa, anahitaji kuishika karatasi yenyewe, kuilinganisha na hati ya kupokelea mali, na mara nyingi kumwita aliyeiandaa aje aeleze ana kwa ana. Pale ambapo taasisi ina mfumo wa kompyuta unaopokea nyaraka hizo, hatua zote zinaweza kupita bila karatasi, na aliyeandaa, aliyekagua na aliyeidhinisha wakaonekana kila mmoja kwa jina lake na saa yake, udhibiti ambao mimi nauona kuwa bora kuliko sahihi za wino. Pale ambapo mfumo huo haupo, kumruhusu mhasibu wa malipo abaki nyumbani ni ama kutembeza hati za fedha njiani ama kulipa bila ukaguzi.

Masijala ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Barua ikiingia hugongwa mhuri wa tarehe, huandikwa katika rejesta, hupewa namba ya folio, yaani ya mpangilio wake, ndani ya jalada lake, kisha jalada hupelekwa kwa ofisa anayeshughulikia shauri hilo, naye huandika dokezo, yaani maelezo mafupi ya ushauri wake, na kulipeleka kwa mkuu wake. Maadamu mnyororo huo ni wa karatasi, karani wa masijala hawezi kuwa nyumbani, na ofisa anayelisubiri jalada naye amefungwa palepale. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia maofisa wakilaumiwa kwamba hawapendi mabadiliko, ilhali kinachowafunga ni kabati la majalada ambalo hakuna aliyetenga fedha za kuliingiza kwenye kompyuta. Tena liko suala la siri. Jalada binafsi la mtumishi, lenye taarifa za afya yake, mashauri yake ya nidhamu na mshahara wake, halipaswi kulala juu ya meza ya chakula nyumbani kwa mtu mwingine, na hata likiwa ndani ya kompyuta, anayelisoma anatakiwa awe na chumba ambamo hakuna anayepita nyuma ya bega lake.

Wazo la kuipeleka kazi alipo mfanyakazi si la juzi. Mmarekani Jack Nilles, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Southern California, alianza kulitafiti mwaka 1973, akiwa amechoshwa na misongamano ya magari, na hoja yake ilikuwa nyepesi: karani anashughulika na taarifa, na taarifa husafirishwa kwa waya kwa urahisi kuliko karani anavyosafirishwa kwa gari. Hoja hiyo bado ina nguvu, ila inahusu zile kazi tu ambazo kweli ni za taarifa. Wachumi Jonathan Dingel na Brent Neiman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipochambua mwaka 2020 mambo ambayo kila kazi inamtaka mtu ayafanye, walikadiria kwamba asilimia 37 ya kazi za Marekani zinaweza kufanyiwa nyumbani kikamilifu, na kwamba katika nchi zenye kipato kidogo sehemu hiyo ni ndogo zaidi. Njia waliyoitumia, ya kuanzia kwenye shughuli, ndiyo ninayoitetea.

Wapo watakaouliza kama mtu akiachwa nyumbani atafanya kazi kweli. Swali hilo lina majibu mawili yanayoonekana kupingana, na ndiyo sababu nataka tuyatazame kwa pamoja. Katika jiji la Shanghai, kampuni ya uwakala wa safari ya Ctrip, ikishirikiana na mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliwagawa kwa bahati nasibu wahudumu wake wa simu waliojitolea kwa jaribio la miezi tisa lililoanza mwaka 2010. Waliofanyia kazi nyumbani siku nne kwa juma waliongeza utendaji kwa asilimia 13, sehemu kubwa ikitokana na mapumziko machache na siku chache za ugonjwa, na idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa nusu. Huko Chennai, India, watafiti David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde waliwagawa vivyo hivyo waajiriwa wapya wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, na waliopangiwa nyumbani walitoa kazi pungufu kwa asilimia 18 kuliko waliopangiwa ofisini.

Mtu anayeipenda ofisi atashika matokeo ya Chennai, na anayeipenda nyumba atashika ya Shanghai. Mimi nasema tuwatazame watu wenyewe. Wa Shanghai hawakukubaliwa kujiunga mpaka wawe wamekaa kazini angalau miezi sita, wawe na chumba chao cha kufanyia kazi na intaneti ya kasi. Wa Chennai walikuwa wageni wa kazi, na watafiti waligundua kwamba sehemu ya pengo lile ilikuja kwa sababu waliokuwa ofisini walijifunza upesi zaidi kadiri siku zilivyopita. Waligundua pia jambo lililonigusa sana: waliotamani zaidi kufanyia kazi nyumbani ndio walioporomoka zaidi walipokuwa huko, na sababu mojawapo ni kwamba miongoni mwao walikuwamo wenye watoto, wenye wagonjwa wa kutunza na wenye kaya maskini. Watu hao walikuwa hodari, tena waliwazidi wenzao kwa kasi na usahihi walipopimwa mwanzoni. Kilichowapunguza ni nyumba iliyowadai kazi nyingine saa zilezile. Anayemwambia mama mwenye mtoto mchanga kwamba amemrahisishia maisha kwa kumruhusu afanyie kazi nyumbani, bila kuuliza mtoto atakuwa mikononi mwa nani, amempa ajira mbili kwa mshahara mmoja.

Suala la wageni wa kazi ndilo ninalolijali kuliko yote, na naona halipewi uzito. Katika ofisi, sehemu kubwa ya ujuzi haiandikwi popote. Karani mpya hujifunza kuandika dokezo kwa kusoma yaliyoandikwa na waliomtangulia na kwa kumwona mwenzake akichana rasimu na kuanza upya; hujifunza kuongea na mwananchi mwenye hasira kwa kumsikia mwenye uzoefu akishusha sauti badala ya kuipandisha; hujua kwamba barua fulani haipaswi kusubiri kesho kwa sababu msimamizi ameinuka kitini alipoiona. Hakuna anayeitisha kikao cha video ili kufundisha mambo hayo, kwa sababu anayeyajua hajui kwamba anayajua. Thomas Allen wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alionyesha katika miaka ya 1970, alipowachunguza wahandisi, kwamba mazungumzo ya kikazi kati ya watu wawili hupungua haraka kadiri meza zao zinavyotengana, hata ndani ya jengo moja. Kijana anayeona haya kuuliza swali dogo atamgeukia jirani yake wa kiti cha pili. Hatampigia simu mkuu wa sehemu, wala hatamwandikia baruapepe ambayo itabaki kuwa ushahidi kwamba hakujua.

Kwa mzoefu hatari ni ya namna nyingine, nayo ni kusahauliwa. Katika jaribio la Shanghai, ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra kuliko waliokuwa mbele ya macho ya wakubwa. Jaribio lilipokwisha na wote wakaruhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu yao walibadili mahali, na wengi waliorudi ofisini walitaja upweke. Binafsi sishangai, kwani ofisini mtu huulizwa habari za mgonjwa wake na huchangiwa anapofiwa.

Upande wa wakuu wa idara nao una lake la kujibu. Wengi wanaopinga hufanya hivyo kwa sababu kipimo pekee walichonacho ni daftari la mahudhurio: aliyetia sahihi asubuhi na kuondoka jioni amefanya kazi, basi. Wakiondolewa daftari hilo hawajui wapime nini, na wengine wameamua kununua programu zinazohesabu kila mguso wa kibodi na kupiga picha za skrini ya mfanyakazi. Napinga njia hiyo kwa nguvu zangu zote. Mhasibu anayeitafakari tofauti ya hesabu hagusi kibodi, na ofisa anayesoma mkataba wa kurasa nyingi huonekana mvivu mbele ya programu ya namna hiyo. Mkuu wa idara anayeweza kusema kwa maandishi kwamba kufikia Ijumaa anataka majibu ya barua zote zilizoingia Jumatatu hana haja ya kumpeleleza mtu yeyote, awe nyumbani au chumba cha pili, na asiyeweza kusema hivyo hata ofisini hasimamii.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Kampuni ya Shanghai ilikadiriwa kuokoa karibu dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi aliyehamia nyumbani, hasa katika pango na nafasi. Ni haki sehemu ya fedha hizo imrudie anayelipia umeme, intaneti na kiti. Ureno imeliweka jambo hilo katika sheria yake ya mwaka 2021, pamoja na katazo la mwajiri kumsumbua mfanyakazi nje ya saa za kazi, na Ufaransa iliutambua wajibu wa kuheshimu mapumziko ya mfanyakazi kutokana na simu na baruapepe tangu Januari 2017. Mwenye kufanyia kazi pale anapolala asipolindwa hivyo, ataitwa saa yoyote.

Siungi mkono pia amri za ghafla za kuwarudisha watu wote. Kampuni ya intaneti ya Yahoo ilifanya hivyo mwaka 2013 chini ya mkuu wake, Marissa Mayer, na kampuni ya kompyuta ya IBM, iliyokuwa mfano wa kampuni yenye watu wengi nje ya ofisi, iliwaita maelfu warudi mwaka 2017. Amri ya namna hiyo humrudisha anayehitaji kuwapo na asiyehitaji, na aliyepanga maisha yake kwa ruhusa aliyopewa na mwajiri huyohuyo hubeba hasara peke yake. Utafiti wa Bloom na wenzake uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia watu 1,612 wa kampuni ileile ya Shanghai, uliona kwamba waliofanyia kazi nyumbani siku mbili kwa juma hawakupungua kwa lolote katika tathmini zao, na walioacha kazi walipungua kwa thuluthi moja. Matokeo haya ndiyo yaliyonithibitishia kwamba mchanganyiko unafaa kwa ofisi nyingi, mradi siku zipangwe kwa kufuata shughuli.

Ombi langu kwa waajiri, Ndugu Mhariri, ni kwamba kabla ya kutoa waraka wowote, kila mkuu wa sehemu akae na watu wake waandike ni shughuli zipi zinahitaji karatasi, kaunta au mashauriano ya ana kwa ana, na zipi zinahitaji utulivu tu. Kisha kila mtu aulizwe kwa heshima kama nyumbani kwake pana nafasi ya kuzifanyia. Waajiriwa wapya waanzie ofisini kwa miezi kadhaa, na wazoefu wao wapangiwe kuwapo siku zilezile, kwa sababu kumwita kijana aje akae peke yake kati ya viti vitupu hakumfundishi chochote ambacho asingekipata akiwa kwao.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi, msimamizi wa masijala mstaafu