Seli za glia si gundi ya ubongo tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo, ilieleza vyema suala la dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, lakini ilizitaja seli za glia katika sentensi moja tu, kwamba kazi yake ni kushikilia nyuroni, yaani seli za neva. Huo ni mtazamo wa tangu 1856, mwaka ambao Rudolf Virchow alizipa seli hizo jina lenye maana ya gundi, na yaliyojulikana baadaye yanawahusu sana wasomaji wenye wagonjwa nyumbani.

Miongoni mwa seli hizo zimo mikroglia, ambazo ni askari wa kinga ndani ya ubongo. Katika utoto na ujana hupogoa sinapsi, yaani maungio ya nyuroni, jinsi mkulima anavyopogoa mibuni yake. Mwaka 1982 Irwin Feinberg alitoa dhana kwamba skizofrenia huenda inatokana na upogoaji uliokwenda kombo katika ujana, na kwa kweli wagonjwa wengi huanza kuugua mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, wakiwamo Steven McCarroll na Beth Stevens, walichunguza jeni za watu wapatao 65,000, wakaonyesha kwamba aina za jeni ya C4 zinazozalisha protini ya C4A kwa wingi zaidi huongeza uwezekano wa kuugua. Protini za C4 ni sehemu ya kinga ya mwili. Katika panya, watafiti hao waliona kuwa C4 huchangia kuondolewa kwa sinapsi ubongo unapokua.

Mwaka uliofuata, kundi la Steven Goldman lilipandikiza katika ubongo wa panya seli za glia zilizotokana na wagonjwa walioanza kuugua utotoni. Panya hao walipungukiwa na mayelini, ile ala inayofunika nyuzi za neva, wakawa waoga na wenye kujitenga.

Sisemi kwamba dopamini haihusiki. Dawa zinazoizuia zimewapa wagonjwa wengi nafuu tangu miaka ya 1950, na asiwepo atakayeziacha kwa kusoma barua hii. Hata minosaiklini, antibayotiki iliyotarajiwa kutuliza mikroglia, haikuonyesha manufaa katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018.

Naliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa nimewashuhudia wazazi wa mwanafunzi wangu wakilaumiwa kwamba malezi yao ndiyo yaliyomharibu kijana.

Washiriki wengi wa uchunguzi wa 2016 walikuwa na asili ya Ulaya. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, unaohusu jeni na magonjwa ya akili kama skizofrenia, umekusanya sampuli za jeni nchini Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, na vyuo vikuu vya Moi na Makerere vimeshiriki. Naomba mwandishi wenu awatafute watafiti hao, awaulize jeni za watu wetu zinasema nini kuhusu C4, kisha mtuchapishie majibu yao.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Biolojia, Kitale