Simu mpya zimwulize mnunuzi

Ndugu Mhariri,

Nauza na kutengeneza simu Ngamiani, Tanga. Karibu kila simu ya Android ninayoitoa kwenye boksi ina Google tayari kama programu ya kutafutia mtandaoni. Wateja wangu, wakiwemo wavuvi wa eneo la Deep Sea, hutumia walichokikuta. Hapo ndipo kampuni ndogo inaposhindwa, hata bidhaa yake iwe nzuri kiasi gani.

Mwaka 2021 pekee Google ilitoa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwekwe ya kwanza kwenye simu na kompyuta za watu. DuckDuckGo, kampuni ndogo yenye programu yake ya kutafutia, watazitoa wapi fedha hizo? Tume ya Ulaya iliipiga Google faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani akaamua kwamba imevunja sheria kulinda ukiritimba wake. Huo si ushindani hata kidogo.

Nasi tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume ya Ushindani (FCC) ya kuisimamia. Naiomba FCC iagize simu zinazoingia nchini zimwulize mnunuzi, anapoiwasha mara ya kwanza, anataka kutafutia kwa programu ipi. Ulaya wanafanya hivyo tayari. Kwetu, maelezo yawe kwa Kiswahili.

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga