Kisu chako kikae wapi: barua kwa mwanangu bibi shamba

Muheza, kitaluni

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote wazima, miche imeshika vizuri, na baba yako bado anagombana na mbuzi wa jirani. Nimefurahi kusikia kwamba kile kisu cha kukunja cha kubebeshea miche kimekufikia huko Njombe. Ulipopiga simu uliniuliza, "Mama, sasa nikiweke wapi?" na mimi mikono ilikuwa kwenye udongo, nikakwambia nitakuandikia. Basi kaa chini usome, maana maneno yenyewe si machache.

Nianze na vijana wetu wa hapa, ambao umekua ukiwaona. Kijana anabebesha: ameshika shina la mlimau kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili kikonyo, kile kijiti cha mti mwingine cha kupachika kwenye shina, na utepe wa nailoni wa kufungia umening'inia begani. Wembe uko wapi? Ameubana kwa midomo. Akitaka kuongea anaongea na wembe mdomoni, akitaka kucheka anacheka pembeni pembeni. Wahenga wanasema mtoto akililia wembe mpe. Mimi methali hiyo siitaki kitaluni kwangu, kwa sababu anayelia ni mmoja na wanaokimbilia pamba na spiriti ni sisi sote. Wapo pia wanaonoa kipande cha msumeno wa chuma na kukizungushia mpira wa tyubu kiwe na mpini. Kinakata, sikatai. Lakini hakina pa kuingia, kwa hiyo kinalala ndooni pamoja na viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, na mkono wa mtu mwingine ndio unaokigundua.

Faida ya kisu cha kukunja ni hiyo tu: makali yanajificha kwenye mpini wake yenyewe. Ila kikishakunjwa kinakuwa kitu kidogo, cheusi cheusi, kinachopotea. Ndiyo maana swali lako lina maana.

Jambo la kwanza ni mkono wako. Bibi yako alikuzoeza kula kwa mkono wa kulia na akafaulu, lakini kwenye miche mimi nilikuacha na kushoto kwako. Kisu cha kubebeshea hunolewa upande mmoja. Upande wa pili ni bapa, na hilo bapa ndilo linalolala juu ya kikonyo unapovuta, ndipo mkato unanyooka. Mtu wa kushoto akishika kisu kilichonolewa kwa mkono wa kulia, makali yanachimba, mkato unatoka na tumbo, utando wa kijani chini ya gamba haukutani na mwenzake, na kikonyo kinakauka hata ukifunga kwa ustadi gani. Nilimsumbua mjomba wako kule Leicester, Uingereza, mpaka akapata cha kushoto. Kwa hiyo pia kipochi chako kitakaa kushoto, si kulia kama changu. Usione mafundi wengine wananing'iniza kulia ukawaiga. Kila ukivusha mkono mbele ya tumbo kutafuta kisu upande wa pili, unaangusha mche au unaachia kikonyo.

Mjomba wako, kwa njia, aliniandikia kurasa mbili za sheria kabla ya kukituma, unamjua alivyo. Kule Uingereza, sheria yao ya 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kuulizwa sababu, iwapo makali hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na iwapo bamba, yaani kile chuma chenye makali, halijikazi kwa kifungo likishafunguka. Likiwa na kifungo cha kulishikilia, mahakama zao hulihesabu sawa na kisu kisichokunjika, na mwenye nacho awe na sababu ya kueleweka. Yeye kwenye bustani yake anatumia kisicho na kifungo ili asipate maswali njiani.

Hiki chako nacho hakina kifungo. Kinashikwa na springi tu, na hilo ulijue kabla ya kingine chochote. Kisu cha namna hii ni cha kuvuta, si cha kusukuma. Najua utakapokosa kitu cha kutobolea viriba utakiangalia hicho kisu. Usijaribu. Ncha ikigota, bamba linarudi nyuma lenyewe, na kinacholisubiri pale kwenye mfereji wa mpini ni vidole vyako. Viriba vitoboe kwa msumari.

Sasa mahali. Sisi wanawake wa khanga mfuko wetu ni kibindo, na mimi nakisifu kibindo kwa noti na funguo. Kwa kisu hapana. Ukiwa umesimama kinakaa vizuri kabisa, unasahau hata kama unacho. Lakini kubebesha ni kazi ya kuchuchumaa. Ukichuchumaa tumbo linaingia ndani, fundo linalegea, kisu kinateleza taratibu kwenye mapaja na kutua kwenye majani, nawe unaendelea na mche wa pili. Hapo ni heri, utakirudia. Mahali pabaya zaidi pa kuchuchumaa unapajua. Choo cha shimo kimeshameza simu za watu na bangili za dhahabu, sembuse kisu. Shangazi yako alipoteza chake hivyo, akasimama mlangoni muda mrefu akiwa ameshika kiuno, na hakuna aliyethubutu kumpa pole kwa sababu kila mtu alikuwa anabana kicheko.

Suruali nazo. Huko kwenye baridi utavaa suruali kila siku, lakini suruali za kike za dukani mifuko yake ni pambo. Haimezi hata nusu ya kiganja. Nunua za kiume za kazi, au mwambie fundi cherehani azidishe kina cha mfuko. Hapo mfuko wa mbele unafaa, kwa masharti. Usichanganye kisu na funguo wala sarafu. Mchanga ulioko chini ya mfuko unaingia kwenye bawaba, na baada ya muda kisu kinafunguka kwa kukwaruza. Halafu angalia kinavyosimama. Kikikunjwa, upande mmoja wa mpini umezibwa, upande wa pili unaona mgongo wa bamba. Huo upande unaoonyesha mgongo uelekeze kwenye mshono wa nyuma wa mfuko, ukiugusa. Hata springi ikichoka, bamba halina nafasi ya kufunguka, mshono unalizuia. Watu wengi wamejikata ndani ya mfuko wao wenyewe kwa kutojua kitu kidogo hiki, wanaingiza mkono kutafuta chenji wanatoka na damu.

Shingoni usithubutu. Najua kuna wanaokining'iniza kwenye kamba kama kitambulisho cha ofisi. Ukiinama juu ya tuta kinabembea na kugonga vikonyo vilivyofungwa jana, na kamba ya shingoni ikinaswa na tawi hakuna anayekuokoa upesi.

Wale vijana wa mjini wana visu vya klipu, kipande cha chuma kinachobana ukingo wa mfuko kisu kikabaki wima. Walianza Wamarekani, kampuni ya Spyderco, 1981, na si wazo baya: kisu hakishuki chini ya mfuko, mkono unakipata palepale. Lakini klipu inang'aa nje. Mgeni akiingia ofisi ya kijiji na chuma kinang'aa kiunoni, wazee watakiangalia hicho wala hawatasikia habari ya mbolea. Wewe ni msichana mgeni, bibi shamba mpya, unakwenda kuwaambia watu wenye umri wa babu yako kwamba miparachichi yao imepandwa karibu karibu. Usiwape sababu nyingine ya kununa.

Ninachokushauri ni kipochi cha ngozi kwenye mkanda, chenye mfuniko na kifungo cha kubonyeza, ubavuni, nyuma kidogo ya nyonga ya kushoto. Hapo ukichuchumaa hakikuchomi tumbo, ukisimama shati linakifunika, na mkono unakifikia bila macho. Macho yako yanatakiwa yabaki kwenye kikonyo. Kila ukikata, futa, kunja, rudisha, bonyeza. Hata kama mche unaofuata uko hatua moja. Usikiweke chini "mara moja tu", wala usimpe mtu kikiwa wazi. Na kwenye tundu la mpini funga kipande cha kitambaa chekundu urefu wa kidole, si zaidi, ili kikidondoka kwenye majani kionekane.

Kwenye pikipiki habari ni nyingine kabisa. Nimesikia mmepewa zile za maafisa ugani, na barabara za huko mvua ikinyesha nimeziona mwenyewe, udongo mwekundu unaoteleza. Ukianguka, kitu cha kwanza kufika chini ni nyonga, na kitu kigumu kikiwa kati ya nyonga na ardhi kinaumiza hata kikiwa kimekunjwa. Kwa hiyo ukipanda pikipiki, kipochi kinavuliwa. Kinaingia kwenye mkoba wa kazi pamoja na mkasi wa kupogolea, utepe na chupa ya dawa, mkoba unafungwa nyuma ya kiti. Ukifika shambani unakivaa tena. Utaona usumbufu wiki ya kwanza, baadaye mkono utakuwa unafanya wenyewe.

Na huo mkoba unakusaidia na jambo lingine. Kisu kikiwa katikati ya vifaa vya kazi, hakuna askari wala mlinzi atakayeuliza ni cha nini. Kikiwa peke yake mfukoni mwa mtu aliyevaa nguo za kutokea, kinauliza chenyewe. Benki, msibani, harusini, mkutano wa hadhara: kisu kinabaki nyumbani. Kwenye basi kiko ndani ya mkoba, si mwilini. Siku ukipanda ndege pale Songwe, kinaingia kwenye begi la chini, kimefungwa kitambaa, kabla hujafika kwa wakaguzi. Wakikikuta kwenye mkoba wa mkononi wanakichukua, na mjomba wako hatakubali kutuma kingine.

Nimebakiza usafi, ambao watu hawauhesabu kuwa sehemu ya kubeba, ila ni sehemu. Miparachichi ina ugonjwa wa viroidi, kitu kidogo kuliko virusi, unaotia matunda michirizi ya njano iliyobonyea. Machungwa yetu nayo yana viroidi vyao. Vinasafiri kwenye makali, kutoka mti mgonjwa kwenda mzima, na spiriti haiviwezi. Kinachoviweza ni jiki iliyochanganywa na maji. Shida ya jiki ni kwamba inakula chuma. Kwa hiyo chovya bamba, suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa mpaka kwenye shina la bamba, ndipo ukunje. Ukikunja kisu kibichi unakifungia kutu ndani. Jioni kitoe kwenye kipochi, usikiache humo kikalala. Ngozi inavuta unyevu, na huko kwenu ukungu unaingia hadi kwenye kabati. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, fungua funga mara kadhaa, futa yaliyozidi yasije yakagusa kikonyo kesho yake.

Asubuhi baridi ikikaza usikifungue kwa vidole vilivyokufa ganzi. Pasha mikono kwanza kwenye kikombe cha chai. Ukucha ukiteleza kwenye kile kijishimo cha bamba nusu ya safari, springi inalirudisha kwa nguvu.

Nimeongea na fundi viatu wa pale karibu na stesheni akushonee kipochi. Ngozi anayo, kisu changu nimempa kiwe kipimo maana urefu ni mmoja, na nimemrudia mara mbili kumkumbusha kwamba mfuniko ufungukie kwa mkono wa kushoto, kwa sababu anasema "ndiyo mama" kabla sijamaliza sentensi. Anachosubiri kutoka kwako ni upana wa mkanda. Upana, mwanangu, si mzunguko wa kiuno. Dada yako alipoagiza chake alituma inchi za kiuno tukabaki tunashangaa. Pima kwa rula, nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa, kipochi kipande basi Jumamosi pamoja na pilipili ulizoagiza.

Mama yako